Sindano Niliyoikataa kwa Niaba Yake

Nilipaswa kukataa kumsemea mke wa mwanangu. Mwanangu alikuwa Malawi kwenye biashara ya mchele, simu haipatikani, na mkewe huyo alikuwa amekufa ganzi miguu yote miwili. Mke wangu akabaki na wajukuu, mimi nikampeleka mgonjwa hospitali Mbeya kwa gari la kukodi. Alikaa kiti cha nyuma, nami mbele, bila kugeuka hata mara moja. Kwetu Kyela wazee wa rika langu bado tunashika mwiko: baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani, hawasemeshani.

Daktari, mwanamke kijana, alinikuta nje ya mlango nimegeukia ukutani.

"Mzee, ingia basi. Unaongea na ukuta?"

"Nikiingia, atatoka."

"Atatokaje na miguu ile?"

Akanieleza palepale. Picha ya MRI ilionyesha madoa kwenye ubongo na uti wa mgongo. Alishuku MS, ugonjwa ambamo kinga ya mwili hushambulia mfumo wa fahamu. Sasa alitaka kuchoma sindano mgongoni, apime na maji ya uti.

"Kipi kinashinda, picha au maji?" nikauliza.

"Havishindani. Picha inanionyesha madoa yako wapi. Maji yatanisaidia kujua kama ni ugonjwa wenyewe, nianze dawa. Amewahi kuugua hivi? Macho je? Ugonjwa huu huweza kuanzia machoni. Nikimuuliza, anasema baba ajibu."

"Hajawahi," nikasema, mimi ambaye sikuwahi kumuuliza hata habari za asubuhi.

Nilikuwa nimesikia sokoni kwamba sindano ya mgongo hulemaza. Nikasema picha inatosha.

"Mgonjwa ni yeye, mzee, siyo wewe," daktari akasema, akarudi ndani. Nikaisikia sauti ndogo: "Kama alivyosema baba."

Nyumbani mke wangu alishika kichwa. "Jicho lake la kushoto lilififia wakati wa mavuno ya mpunga. Tukadhani ni makapi. Hukuwaambia?"

Ningeweza kurudi wiki ileile. Niliona haya, nikanyamaza.

Dawa hazikuanza. Ndani ya mwaka ugonjwa ulirudi mara mbili. Mara ya pili mwanangu alikuwepo. Maji yakapimwa, yakathibitisha kuwa ni MS. Sindano haikumlemaza. Daktari alisema dawa za mapema huenda zingemwokolea miguu.

Mke wa mwanangu hatembei tena. Mwanangu amemhamishia kijiji cha Ngana kwa wazazi wa mkewe, pamoja na watoto. Hapokei simu zangu, na wajukuu wangu siwaoni.