Mti Uliopewa Dirisha la Baba

Sisi tuliokulia vilima vya Nyamira tuliijua mvua ya mawe kwa sauti. Ilianza kwenye mabati ya jirani, ikatufikia kabla hatujaanua nguo, na ilipopita majani ya chai yalikuwa yametapakaa chini kama mboga iliyokatwakatwa. Watoto tulikimbia kuokota barafu na kuitafuna huku wazazi wamesimama mlangoni wakiitazama chai yao. Wa siku hizi barafu wanaitoa kwenye friji, na bado wanalalamika.

Kwa sababu ya mawe hayo, na mbuzi, Baba alikuzia miche ndani ya nyumba. Mwaka nilipoingia darasa la nne mbegu moja tu ya parachichi iliota, ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia uliokaa pembeni mwa chumba chake. Mche ukarefuka haraka, nami nikatangaza shuleni kwamba kwetu kuna mti unaokua kuliko yote. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi yangu ya kutoa maoni juu ya nisiyoyajua. Baba alinieleza kwamba haukuwa unakua, ulikuwa unatafuta mwanga: shina jembamba, majani ya manjano, wote umeinamia dirisha.

Dirisha lilikuwa moja tu, na chini yake palikuwa na kitanda chake. Kifua kilikuwa kimemlaza kwa miezi. Kutoka hapo aliiona barabara, akajibu salamu za waliopeleka majani ya chai kwenye kituo cha kuyauzia, akaamua ugomvi wetu wa mpira wa majani ya migomba. Siku moja akatuagiza tusogeze kitanda gizani, mkebe ukae dirishani. Mama alikataa, alisema mgonjwa pia anahitaji jua. Wazee wa kanisa waliokuja kumwombea siku ya Sabato wakamtania kwamba ameoa mke wa pili na kumpa chumba kizuri.

"Mama Kemunto," Baba akasema, akimwita kwa jina la dada yetu mkubwa, "mimi nikizidiwa nitakohoa, mtakuja mbio. Huu hauna kikohozi."

Mama akashika kitanda upande wa kichwani.

Kila asubuhi niligeuza mkebe ili shina lisielemee upande mmoja, kisha nikamsimulia Baba ya barabarani: nani anapita, ng'ombe wa nani ameingia kwenye chai. Nilitia chumvi, alijua, akaniacha. Majani mapya yalitoka mapana, ya kijani kibichi. Mvua za masika zilipoanza tulimbeba kwa kiti hadi uani, tukaupanda mche, akaushindilia udongo kwa viganja vyake. Mama akaukinga kwa majani ya mgomba mpaka ulipozoea jua. Mahindi yalipokomaa, Baba hakuwepo.

Sasa naishi Kiogoro, na binti yangu anakuza mlimau sebuleni chini ya taa ya zambarau anayoiwasha kwa simu. Umenyooka vizuri, sina la kuucheka. Miti yao inapata mwanga bila mtu yeyote kuhama, na pengine hayo ndiyo maendeleo. Juzi nilimuuliza kama mlimau wake umewahi kumsumbua.

"Wala, Baba. Hata huwa nausahau."

Akarudi kwenye simu yake. Nikavuta kiti, nikakaa kidogo kando ya mti.