Mkono Chini ya Sikio

Daktari wa ng'ombe wa huku Siakago ni mwanamke asiyemsalimia mtu kabla hajamgusa mgonjwa wake. Husugua viganja mpaka vipate joto, akapapasa chini ya sikio, akashuka mbele ya bega, polepole, kama anayetafuta sindano iliyopotelea kitandani. Akisema neno, hunong'ona, mpaka uiname umsikie. Siku aliyomwita, Ciarunji hakuwa na subira hiyo. Ng'ombe wake alikuwa amelala akichemka homa, wa jirani alishakufa kwa ndigana kali, ugonjwa wa kuvimba tezi, na jikoni nondo ya chuma ilikuwa motoni, tayari kuchomea tezi hizo kama walivyofanya wazee. "Daktari, tuchome tu, tutachelewa!" Daktari akamshika mkono, akauweka chini ya sikio la ng'ombe. "Tuchome wapi, mama? Nionyeshe uvimbe." Ciarunji akapapasa huku na huku. Hakuna. Daktari akafunua ufizi, umepauka na kuanza umanjano. Akaokota mavi, makavu kama tofali. "Hii ni ndigana baridi. Zote huletwa na kupe, lakini ile kali ni vimelea, hii ni bakteria. Dawa ya ile haiwezi hii." Akadunga sindano, akaenda zake.

Kesho yake alirudi, akaanza kusugua viganja. Kabla hajamgusa, ng'ombe akainua mkia, akaachilia mavi laini, tele, pwaa! yakawarukia wote wawili. Ndipo yule daktari wa kunong'ona akatupa mikono juu, akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja mbio, wakiuliza ni nani amejifungua.