Nilivyofyeka Matete Kumfurahisha Mama Mkwe

Kijito chetu cha Mkolani hakina hata jina. Kinatoka kwenye mawe ya mlimani, kinapita nyuma ya nyumba zetu, kinakwenda zake ziwani. Mtu mzima anakivuka kwa hatua tatu. Lakini asikudanganye mtu, mtaa mzima unakitegemea. Pale jirani yangu anachota maji ya kumwagilia mchicha, akina mama wanafua na kusemana, bata wanaoga, na habari yoyote, iwe ya posa au ya ugomvi, inafika pale kwanza. Ukingoni yalijaa matete marefu kunishinda mimi. Ndege wadogo wa njano walining'iniza viota vyao humo, na vyura walipiga kelele hadi unatamani kuwashtaki kwa mwenyekiti.

Mimi, kwa akili zangu, niliona ni pori.

Nilikuwa na sababu. Mama wa mchumba wangu alikuwa anakuja kutoka Bukoba kuona huyo Msukuma anayemtaka binti yake wa mwisho anaishi wapi. Mchumba wangu aliniambia wazi: mama akikataa, ndoa hakuna. Dada yake mmoja aliwahi kupoteza mchumba kwa sababu ya mlango wa choo tu! Basi nikanoa panga. Siku mbili nikafyeka matete yote, nikang'oa mpaka mizizi, nikachoma moto. Jirani wa mchicha, mama wa makamo, akaja akashika kiuno.

"Mwanangu, hayo ndiyo yanashika maji."

"Mama, hayo yanashika nyoka," nikamjibu, nikacheka mwenyewe. Jamani, ujinga nao una raha yake.

Mama mkwe akafika Jumamosi na mkungu wa ndizi na kindoo cha senene wa kukaanga. Sasa, wazee wa Kisukuma walionilea walinifundisha kwamba mama mkwe hagusiki. Humpi mkono, huketi naye chumba kimoja, mkikutana njiani unampisha. Kwa hiyo nilimwamkia shikamoo nikiwa nyuma ya mlango, nimetazama ukuta. Yeye ni Mhaya, mambo hayo hakuyajua. Nikamsikia akimuuliza binti yake, "Huyu kijana ana shida ya shingo?"

Saa nane mchana mvua ikashuka. Zamani maji yakifika kwenye matete yalikuwa yanapunguza hasira, yanasambaa taratibu, tope linabaki humo humo. Siku hiyo hayakukuta wa kuyazuia. Yalikata ukingo, yakapita uani, yakaingia sebuleni bila hodi. Ndala zangu zikaelea. Bata wa jirani akaingia kwa mlango wa mbele, akatoka kwa wa nyuma. Mama mkwe alikuwa juu ya kochi, miguu ameikunja, anaita, "Kijana! Njoo univushe!"

Nimvushe vipi? Nimbebe mama mkwe mgongoni? Babu yangu angefufuka! Nikabaki nyuma ya mlango wa jikoni nikipaza sauti, "Pole sana, mama! Jitahidi, mama!" Mtu anazingirwa na maji, mimi nampa pole. Mchumba wangu ndiye aliyemvusha, akampeleka kwa jirani, ambako ni juu kidogo. Alipopita alinitazama kwa jicho ambalo hadi leo sijalisahau.

Mvua ilipokatika nikatoka nje. Matuta ya mchicha ya jirani hayakuwepo. Yote yalikuwa yamekwenda ziwani. Alichukua jembe lake akaanza kukwangua tope, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Kesho yake mchumba wangu akaja na ujumbe. "Jirani kamweleza mama yote. Anasema harudi Bukoba, wala hasemi ndiyo, mpaka aone umeyarudisha matete. Nimemweleza habari ya mila zenu. Anasema sawa, lakini matete hayana ukwe na wewe."

Nikaenda bondeni kuomba vipando, nikavileta kwa baiskeli. Majirani wakaja na majembe yao na maneno yao.

"Bwana harusi, hilo umelipanda kichwa chini!"

Kweli, nilikuwa nimelipanda kichwa chini. Mama mkwe alikaa ukingoni juu ya ndoo iliyopinduliwa, mimi nachimba nimempa mgongo, maagizo yanapitia kwa binti.

"Mwambie achimbe zaidi."

"Nimesikia, mama."

"Mwambie sijaongea naye."

Wiki zikapita, mama mkwe yuko kwa jirani, wanapanda mchicha upya pamoja. Matete yakachipua, yakanifika kiunoni. Halafu ikaja mvua kubwa nyingine. Tukasimama wote kwenye baraza ya jirani, mimi pembeni kabisa. Ndoa yangu ilikuwa inashuka na yale maji kutoka mlimani. Yakafika kwenye matete. Yakayalaza kidogo, yakapungua kasi, yakapita. Mchicha ukabaki.

Mama mkwe hakunitazama. Alimwambia binti yake, kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo, "Mwambie wazee wake waje tuzungumze. Vijana wote wanaokuja kwangu huwa wanajifanya hawajawahi kukosea kitu. Huyu nimemwona akikosea, na nimemwona akirekebisha."

Nikalia pale pale, mtu mzima na ndevu zangu. Jirani wa mchicha akanisogezea pindo la kanga yake nijifute.