Kilima Ambacho Mkaza Mwana Hakitaji

Iko siku naikumbuka, mwanangu, kuliko hata ile niliyokabidhiwa diploma yangu ya elimu ya lugha huko ng'ambo. Na diploma hiyo sikuipata kwa bahati. Mimi mtoto wa Misigiri, kule Iramba, sikurithi hata ndama. Nilijisomesha kwa kuuza asali, nikavuka bahari, nikarudi nimevaa tai. Uliza mkoa mzima wa Singida ni nani aliyekusanya majina ya vilima na vijito, na maneno ya lugha zilizokufa. Watakutajia mimi.

Miaka ile ya Ujamaa watu walikuwa wakihamishiwa vijijini. Upande wa Rungwa palikuwa na ukoo uliokuwa na lugha yake, na aliyebaki akiikumbuka ni Bibi Tabu, mjane aliyeolewa pale akiwa kigori. Lori lingekuja kumchukua Jumamosi. Niliona wazi kwamba akitolewa mbele ya kilima chake na vijito vyake, majina yangepotea.

Nikaenda hadi kwake, nikamwamkia, nikakaa, nikatoa kalamu. "Bibi, kilima kile chaitwaje?"

Akatazama chini. "Kilima tu, baba."

Nikambana. Nikamtajia serikali, nikamtajia na diploma. Akajifunika kanga usoni, na tangu hapo hata jina la kijito hakunipa. Kimya kingi kina mshindo, lakini mimi sikusikia kitu.

Mzee Yusufu, mrina asali niliyefikia kwake, akanivuta kando.

"Kwani kwenu Iramba hakuna wakwe? Jina la kilima hicho ndilo jina la baba mkwe wake, alipewa kwa kuwa alizaliwa huko juu. Tangu aolewe hajalitamka, leo umtamkishe wewe na tai yako? Mkataa kwao mtumwa!"

"Basi nitajie wewe, mzee."

"Sisi wahamiaji twakiita Kilima cha Nyuki. Jina lenyewe analo wifi yake, Bi Zena, yuko Manyoni. Yeye ni binti wa nyumba ile, hafungwi na ukwe."

Aibu ilinishika, lakini mimi si mtu wa kulala nayo. Nikadandia lori hadi Itigi, nikapanda treni hadi Manyoni, nikamkuta Bi Zena akiuza maandazi stesheni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hiyo kamba shingoni umeikata ukatoroka, au mwenyewe yuaja?"

Nilipomweleza shida yangu alicheka hadi akaweka sinia chini. "Jina la baba yangu nakupa hata sasa. Ila maana yake siijui, nililelewa huku kwa mjomba. Maana anayo wifi. Twende, lakini nauli ni juu ya diploma!"

Ijumaa tukafika. Bi Zena akasimama mbele ya kilima, mikono kiunoni, akaita, "Lusangi!"

Bibi Tabu akapiga goti palepale, kama mkwe mwenyewe kapita. Kisha akacheka, machozi yakimtoka. "Wifi, umenitua. Kwa lugha yao ndiyo maana yake, mahali pa kutua mzigo."

Tukazunguka vijito mpaka jua likazama, yeye akitaja, Bi Zena akimtania, mimi nikiandika. Hakuna msomi mwingine mwenye majina yale, nakwambia. Asubuhi lori likaja, Bibi Tabu akapanda akiwa ameshika mkono wa wifi yake, hakugeuka nyuma.

Mwanangu, ukitaka neno la mtu, uliza kwanza kama ana ruhusa ya kulitoa. Usidhani anyamazaye hajui. Huenda analinda kitu ambacho hata wewe ulilelewa ukilinde. Ukiona mlango wa heshima umefungwa usiusukume, mtafute mwenye haki ya kuufungua, hata kama yuko mwisho wa reli. Elimu niliipata kwa jasho, na siku ile nilijifunza pa kuipeleka.

Mungu akupe masikio mapana na miguu isiyochoka, na popote utakapofika wenyeji wakuite mwanetu.