Spana Niliyoichagua kwa Majivuno

Nilikuwa nikiwafundisha watu wazima wa Kilole kuacha ratili na kupima kwa kilo. Dukani Korogwe nikachagua spana ya mshale unaoonyesha bolti imekazwa kiasi gani, nikijisifu kuwa ni ya kilo. Kitabu cha gari langu kuukuu kilisema bolti ya injini ikazwe hadi sabini. Nilivuta nikiitafuta sabini; mshale ulipopita kumi na nne tu, bolti ikakatika. Mama, aliyelitegemea gari hilo, akakosa hitima ya arobaini ya marehemu kaka yake Handeni. Bado inaniuma.

Nikairudisha spana kwa hasira, na kitabu mkononi. Mwenye duka akakisoma kitabu taratibu.

“Mwalimu, sabini hizi ni ratili kwa mkono wa futi moja. Spana hii ni kilo kwa mkono wa mita moja; ungeishia chini ya kumi.”

Nyuma yangu Bibi Mwanaidi, mwanafunzi wangu, akauliza kwa upole, “Ratili zile ulizotukataza?”