Mwali wa Bibi Mwanahawa

Usiku ule nililala na bakuli la liwa, ule msandali wa kusaga wa kupaka ngozi, kando ya mto wa kichwa, nimeshakata shauri: kukicha nitajipaka, na kwenye mionzi sirudi tena.

Mimi ni mtu wa manukato, sifichi. Kwetu Tanga nimepamba maharusi tangu ujana wangu, na nikipita uchochoroni watu hujua nimepita hata kama hawakuniona. Kazi hiyo nilifunzwa na bibi yangu mzaa mama, Bibi Mwanahawa, ambaye ni marehemu siku nyingi. Yeye ndiye aliyekuwa somo, yaani kungwi, wa mtaa mzima. Mwali akishafungiwa ndani kungoja harusi, bibi ndiye aliyemsinga mwili kwa liwa, akamfukiza udi, akamtoa siku ya siku ngozi inang'aa. Nami nilikuwa binti wa kushika bakuli, tena nikijidai kwelikweli.

Halafu titi la kushoto likanileta Dar es Salaam. Uvimbe wa saratani ulitolewa, kisha nikapangiwa mionzi, kila siku ya kazi kwa wiki kadhaa. Nilifikia kwa wifi yangu Saumu, dada wa marehemu mume wangu. Mwanzoni niliona mchezo tu: unalala, mkono juu ya kichwa, mashine inanguruma kidogo, unavaa, unarudi nyumbani. Kisha ukaja uchovu, si ule wa kulala ukaisha, maana niliamka nao. Nikawa nikisonga ugali, nakaa chini katikati ya kusonga. Ngozi ikawa nyeusi, ikawasha, na mwisho wa wiki ile, chini ya titi panapokunjika, ikachubuka ikabaki mbichi.

Muuguzi alikuwa ameniambia tangu siku ya kwanza: maji ya vuguvugu, sabuni isiyo na harufu, usisugue, usipake manukato wala poda wala dawa ya nyumbani, na ngozi ikichubuka uje utuonyeshe. Kuonyesha ndiko kulikonishinda. Mimi nimwonyeshe mtu ngozi kama ile? Mimi, ambaye binti wa watu akiwa na chunusi moja nilikuwa naiona kutoka mlangoni? Wifi Saumu alinihurumia, akasaga liwa kwa mikono yake, akalichanganya na marashi ya waridi. "Jipake wifi, likupoze," alisema, "urudi kunukia kama wewe." Zilikuwa zimebaki siku chache tu za mionzi. Nikasema potelea mbali, nijipake, nipande basi, nirudi kwetu nikiwa mtu.

Basi nikalala.

Nimelala chini ya mashine, mkono juu ya kichwa, kama kila siku. Inanguruma. Nasikia harufu ya asumini na najiuliza nani amekuja hospitali na asumini, kwa kuwa tumekatazwa. Nafumbua macho. Juu yangu hakuna mashine, kuna boriti za nyumba ya bibi, na ile boriti moja iliyopinda ambayo utotoni nilikuwa naitazama hadi usingizi unanichukua. Kitanda ni cha kamba. Mkono wangu bado uko juu ya kichwa na nafsi yangu inaniambia usiutikise, hawajamaliza.

Bibi anaingia na beseni la maji. Amejifunga kanga mbili, moja kiunoni na moja begani, kama alivyovaa akiwa kazini. Anakaa ukingoni mwa kitanda na kitanda kinalia chini yake, kwa hiyo najua ana uzito, si kivuli. Naliziba titi kwa kiganja upesi. Bibi anaushika mkono wangu, anauondoa taratibu, anauweka pembeni. Anasogeza pazia la dirisha. Ndivyo alivyokuwa akimkagua mwali, kwa mwanga wa ubavuni, ambao haufichi kitu. Nafumba macho kwa aibu, nangoja aseme neno lake la kukaripia.

"Ngozi hii imefanya kazi," anasema.

Amelisema kwa sauti ile aliyoitumia kuwaambia mama wa maharusi kwamba binti yao ametimia. Machozi yananitoka yanaingia masikioni, nami sithubutu kuyafuta.

Namwonyesha bakuli la liwa. Liko palepale kando ya mto, limevuka nami kutoka kwa wifi. Nataka kumwambia nipake, bibi, ninukie, na mdomo haufunguki. Anaelewa. Analichukua, analinusa, anatikisa kichwa kukubali kwamba limesagwa vizuri. Kisha analifunika kwa kawa na kuliweka juu ya kabati, mahali ambapo nilipokuwa mtoto sikuweza kufika.

Hapo nakumbuka, au labda ninaona, maana yule binti aliyeungua naye yumo chumbani. Alikuwa mwali wetu, mafuta ya bagia yalimrukia kifuani harusi ikiwa imekaribia. Wazee wa upande wa bwana harusi walikuja juu: watu wamealikwa, mchele umenunuliwa, mpakeni liwa tele pasionekane. Bibi alisimama mlangoni na mkono kiunoni. Aliwaambia kwamba yeye hampaki mtu juu ya kidonda, na kwamba mwali wake atatoka ngozi ikiwa tayari. Walinung'unika, wakatishia kuita somo mwingine, wakaondoka. Harusi ilisogezwa mbele. Tulimwosha binti yule kwa maji matupu siku zote hizo, na alipotoka, mji mzima ulikuja kumtazama. Nilijivuna pale nyuma ya bibi kana kwamba ngozi ile ni yangu.

Bibi anachota maji ya vuguvugu kwa kiganja na kuyaacha yanitiririkie kifuani. Hasugui. Ananikausha kwa kanga kuukuu, anaigusisha tu na kuinua. Huo mkono ndio ulionifunza mimi kazi, na sasa unanihudumia.

Mara niko wima, nimevaa baibui, begi la safari mkononi. Sijui nimevaa saa ngapi. Nje kunapigwa hodi, sauti za watu wengi, na mojawapo naijua, ni yangu mwenyewe, inasema mtoeni, mtoeni, amechoka, arudi kwao. Naelekea mlangoni. Bibi amekwisha kufika.

"Siku zako zimekwisha?"

"Bado, bibi. Zimebaki chache."

"Basi unakwenda wapi?"

Ananivua baibui begani, analikunja vizuri, analilaza juu ya kitanda. Kisha anafungua mlango nusu, anasimama katikati yake na mkono kiunoni, mdogo kwa umbo kuliko nilivyomkumbuka, na sauti haikupungua hata kidogo.

"Huyu ni mwali wangu," anawaambia walioko nje. "Atatoka akimaliza."

Hodi inakoma. Mimi nyuma yake, kifua wazi, ngozi nyeusi, imechubuka, nanuka maji tu, na nimesimama wima kwa namna ambayo sijasimama tangu nianze kuugua. Najivuna. Bibi anageuka kunitazama mara moja, kama anayetaka kuhakikisha kwamba nimesikia, na mwanga wa mlangoni unakuwa mwingi mno.

Ulikuwa mwanga wa dirisha la wifi Saumu. Mto ulikuwa umelowa. Bakuli lilikuwa pale kando, nami nililitazama kitambo, kisha nikainuka, nikalifunika kwa sahani, nikalipeleka jikoni na kuliweka juu ya kabati. Kuinua mkono ule kuliniuma hadi kwenye kwapa. Niliuinua hivyo hivyo.

Nilioga kwa maji ya vuguvugu. Nilivaa gauni la pamba lililopwaya na kanga yangu nzuri kuliko zote, ile ambayo huivaa siku ya kumtoa mwali.

Wifi alinikuta ukumbini navaa viatu, naye ameshika chetezo, udi unafuka.

"Hujajipaka?"

"Sijajipaka. Liwa lako lipo juu ya kabati, usimpe mtu. Nikipona ngozi utanisinga mwenyewe."

"Na sasa wapi asubuhi yote hii?"

"Hospitali. Nimechubuka, nakwenda kuwaonyesha, kisha nimalizie siku zangu."

Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akasogeza chetezo karibu na kanga yangu kwa mazoea. Nikakizuia kwa mkono.

"Utatoka hivi hivi, wewe? Bila hata harufu ya karafuu?"

"Hivi hivi," nilimwambia. "Bibi Mwanahawa ameniona, amesema ngozi yangu imefanya kazi."

Wifi aliweka chetezo chini, akaenda kutafuta viatu vyake tufuatane.