Bawa la Mtungi Mmoja

Bibi yangu alipofariki pale Kasubi nilikuwa nimeshaota ndevu, ila kimo kilikuwa kimenigomea. Wakaniweka kubeba jeneza kwa nyuma pamoja na binamu yangu, mrefu kama nguzo ya umeme. Jeneza likalala upande wangu. Kila hatua niliona bibi anateleza kunijia, mpaka ami yangu akanivuta shati: "Toka hapo, unamsumbua marehemu." Dua iliyosomwa siku ile nimeisahau. Bega langu halijasahau. Mzigo ukikaa vibaya, mwili unajua kabla ya kichwa.

Nasema haya kwa sababu siku ya kwanza ya kazi nilisikia uzito wa namna ile. Nilikuwa mpakiaji wa magunia Kawempe, shule nimeiachia darasa la tatu, mtu akaniambia kuna kampuni Bugolobi inatafuta wanaojua kuogelea. Kuogelea nilijua. Usiniulize nilijifunzia wapi, hadithi hiyo ni ndefu na ina viboko ndani. Stoo nikamkuta Mkuu wa Wazamiaji, askari mstaafu, Kiswahili chake cha kambini. Cheti hakuuliza. Alisema, "Wewe, geuka. Leta mgongo." Akanifunga bamba la chuma, na mtungi wa hewa juu yake, nikayumba kando.

"Nani amekufunga?" akauliza.

"Si wewe, afande?"

"Basi mimi ndiyo mjinga. Kuja tufunge tena."

Kazi yetu ilikuwa kusafisha midomo ya mabomba yanayovuta maji ziwani, maana magugu maji huziba vyuma vyake, na kukagua matumbo ya meli pale Luzira. Lile bamba tuliliita pleti. Kati ya pleti na mtungi hukaa bawa, yaani mfuko wa hewa. Ukilijaza linakuinua, ukilitoa hewa unashuka. Vijana wa siku hizi wananiuliza lipi bora. Hakuna bora, kuna linalofaa. Mtungi mmoja unataka bawa jembamba. Ukiufungia bawa pana la mitungi miwili, linaukunja kama chapati inavyokunja mayai, hewa inajificha kwenye mikunjo, ukitaka kuitoa haitoki. Na mitungi miwili ya chuma inataka bawa pana, kwa sababu jembamba linabanwa katikati halijai vizuri, na hata likijaa halina nguvu ya kubeba chuma chote kile. Pleti nazo ziko mbili. Ya chuma inafaa mtungi mmoja, inakupunguzia risasi za kiunoni, yale madini mazito tunayojifunga ili tuzame. Ya alumini ni nyepesi, ndiyo ya mitungi miwili, hasa kwetu ambako chini ya ziwa ni tope.

Mkuu alikuwa na desturi moja, na hakuna kitabu nilichosikia kikiitaja. Anayefunga ndiye anayevaa kwanza. Ukimfungia mwenzako vifaa, wewe unaingia navyo majini mpaka kifuani, unajaza bawa, unatoa, unalala kifudifudi, unasikiliza mwili. Ndipo unamvika. Alisema, "Ukimvika mtu kitu hujavaa, umemvika sanda." Alipostaafu aliniachia stoo, nikawa ndiye mfungaji, na miaka mingi sikuvunja desturi hiyo.

Wekesa alikuja baadaye. Mkenya, mtu wa kanisa, mcheshi, anaimba wakati wa kuvaa. Nilimfungia mimi tangu siku yake ya kwanza.

Asubuhi ninayoisema, bawa pana lilikuwa na tundu na gundi haijakauka. Kazi ilitaka kukaa chini muda mrefu, kwa hiyo mitungi miwili. Ningeweza kusema leo hatuzami. Sikusema. Nilijiambia hivi: maji ya ziwa hayana chumvi, tumefundishwa humu risasi zinapunguzwa, basi humu kila kitu ni chepesi, bawa dogo litatosha. Mnaona kosa langu? Risasi zinapunguzwa kwa sababu maji yasiyo na chumvi yanabeba kidogo kuliko ya chumvi. Mtu anazama upesi zaidi, si polepole. Niliijua kanuni kwa kuikariri, maana yake nikaigeuza kichwa chini. Tena goti lilikuwa linauma, na maji ya asubuhi ni baridi. Sikuingia kupima.

Wekesa akaligusa bawa kwa nyuma. "Mzee, hii si ya mtungi mmoja?"

"Wewe ni mzamiaji ama mkaguzi?"

Akacheka. "Haya. Wewe ukisema sawa, ni sawa."

Akashuka na begi la nyundo na patasi. Tope likammeza mpaka mapajani. Alijaza bawa lote, halikumwinua. Akavuta kamba aliyofungwa kiunoni mara nne, ndiyo ishara yetu ya shida, na sisi juu, watu wawili, tukamvuta kwa pupa. Tope likamwachia ghafla, akapanda mbio, na hewa ya kifuani inatanuka kadiri anavyopanda. Daktari alisema hewa ilipasua pafu ikapanda kichwani. Upande wote wa kulia ukafa, na ile asubuhi ikafutika kwenye akili yake.

Meneja wa Kazi alituita ofisini. Alikuwa kijana wa kompyuta, si mtu mbaya. Akauliza nani alichagua bawa. Akajijibu mwenyewe: "Kila mzamiaji anachagua vifaa vyake, si ndiyo, Mzee?"

Nikasema ndiyo. Akaandika.

Kustaafu kwangu ndiko huko. Hakukuwa na keki wala hotuba, niliacha tu kwenda. Sasa nakaa nyumbani, na mkija kuniuliza habari za pleti na bawa nawaambia yote niliyoandika hapa, mengine mazuri kabisa, yatawafaa.

Nilikwenda kumwona Wekesa mara moja. Wanakaa chumba kimoja Kawempe. Mkewe, Mama Faith, alinipokea kwa furaha, akanipa kiti karibu na kitanda. Wekesa anaongea polepole siku hizi, kama anayebeba kila neno kwa mkono mmoja.

"Mzee. Wananiambia nilijifungia vifaa mwenyewe."

Nikamuuliza kama anakula vizuri.

"Nakula. Hao wanasema nilichagua bawa ndogo. Mimi, na miaka yote hiyo? Kila usiku najiuliza nilikuwa nawaza nini. Nimemharibia huyu mama maisha." Akageuza kichwa. "Wewe ulikuwa hapo. Ni mimi nilichagua?"

Kinywa changu kilifunguka. Nilikuwa na neno moja tu la kusema.

Nikasema, "Nakuja. Nimesahau simu dukani hapo."

"Sawa. Nakungoja."

Nikavaa viatu mlangoni. Mama Faith alikuwa anawasha sigiri, akaniuliza chai yangu iwe ya maziwa ama ya rangi. Nikamwambia ya rangi. Nikatoka mpaka barabarani, nikakata kushoto, na sijarudi tena.